Solo ya bluzi: treki za YouTube, programu ya kodi za gitaa au lupa ya mguu?

Nyuzi6
Wakuu, habari za jioni. Nina mwaka na nusu na gitaa. Pentatoniki ya A maina (skeli ya nota tano) naipiga nimefumba macho, freti ya 5 mpaka ya 8. Kila jioni nafungua YouTube, natafuta treki ya kusindikiza ya bluzi kwenye A, napiga dakika 20. Shida ni kwamba ninachopiga leo ndicho nilichopiga miezi mitatu iliyopita. Juzi mdogo wangu kaniuliza, "Kaka, huo wimbo hauishi?" Nina akiba kidogo, inatosha kitu kimoja. Niendelee na YouTube, ninunue programu kama iReal Pro inayokupigia kodi (nota kadhaa kwa pamoja), au nitafute lupa, pedali inayorekodi unachopiga na kukirudia?

MzeeWaRizimu
Subiri kwanza, usitoe hela. Weka treki yako hiyohiyo, iruke mpaka katikati, geuza simu kifudifudi, halafu uniambie uko baa ya ngapi. (Siyo baa ya bia, ni kipande cha mapigo manne.) Ukishindwa, jua tatizo halipo kwenye treki.
Baa 12 kwenye A ni hivi: nne za kodi ya A7, mbili za D7, mbili za A7, kisha E7, D7, A7, na ya mwisho E7 inayokurudisha mwanzo. Ile pentatoniki yako inapita juu ya zote bila kukwaruza sana, kwa hiyo unaweza kupiga mwaka mzima usijue kodi imehama. Treki ni kama daladala, inakufikisha hata ukisinzia.

BintiWaPwani
Shikamoo Mzee. Nakubali, ila YouTube tusiitupe. Mle kuna treki ambazo mpiga dramu na mpiga besi ni watu kweli, na mdundo wa shafo unavyochechemea, programu haijaupata bado. Mimi nachagua za polepole, mapigo 60 kwa dakika. Mzunguko mmoja unachukua sekunde 48, una nafasi ya kuwaza. Iliyo kasi naishusha mpaka 0.75, nota zinabaki palepale. Kinachoniudhi ni bando, na tangazo la sabuni linaloingia ukiwa umevuta uzi vizuri.
iReal Pro ninayo. Inafanya kazi bila intaneti, unabadili kasi na ufunguo utakavyo, na unaweza kuiamuru ihame ufunguo yenyewe kila mzunguko. Siku ya kwanza niliaibika, kumbe nilikuwa naijua freti ya 5 tu. Ila sauti yake kavu, kama saa ya ukutani. Nusu saa inatosha.

SebeneMoto
Lupa, ndugu yangu. Mimi nimekulia kwenye sebene, kule kodi zinazunguka haraka na solo lazima izifuate, ukikosa wachezaji wanakutazama. Lupa inakulazimisha upige rizimu mwenyewe baa zote 12. Rizimu ikiyumba, inarudi kuyumba sikioni mwako kila mzunguko. Wiki ya kwanza sikupiga solo hata moja.
Angalizo la adapta: pedali nyingi zinataka volti 9, hasi katikati. Mimi niliuziwa adapta ya ovyo, lupa ikanguruma kama friji.
Sasa zoezi. Rekodi A7 baa mbili, D7 baa mbili, basi. Uzi wa pili, freti ya 8 ni G, iko ndani ya A7. Kodi ikihamia D7, shuka freti moja tu, ya 7. Hiyo ni F#, moyo wa D7. Piga nota hizo mbili peke yake dakika tano. Mtu aliye chumba cha pili atasikia kodi zikibadilika hata ukizima lupa.

Nyuzi6
Nimejaribu na YouTube, imekubali! Lakini F# haimo kwenye pentatoniki ya A maina?

SebeneMoto
Haimo. Na C# ya A7 haimo pia. Uzi wa tatu, freti ya 5, una C. Kwenye A7 ivute kidogo, robo toni, usiifikishe C#. Bluzi inakaa hapo katikati. Kwenye D7 iache imenyooka, kwa sababu C ni nota yake ya saba.

KidoleChaNne
Na sisi tusio na bajeti? Metronomu (kipima mapigo) ya bure kwenye simu, mlio wake uuhesabu kuwa pigo la 2 na la 4. Hakuna besi ya kukuficha. Halafu imba kwanza baa mbili kwa mdomo, gitaa lijibu baa mbili. B.B. King, gwiji wa gitaa la bluzi, alikuwa hivyo, akiimba gitaa linanyamaza, akimaliza linajibu. Mwenye pumzi moja hapigi nota hamsini.

Nyuzi6
Narudi baada ya wiki mbili. Sijanunua kitu. Nimejirekodi rizimu kwa simu, mizunguko 10 ya mapigo 60, dakika 8 kamili, naipiga kwenye spika ya sebuleni. Rekodi tatu za mwanzo nimezifuta, nilikuwa nakimbia kila nikifika D7. Baa ya 5 sasa naikamata. Ya 9 ndiyo inanikuta nimelala, E7 inaingia mimi bado niko A. Mdogo wangu anasema wimbo umeanza kuwa na kona.

MzeeWaRizimu
Hapo sawa. Kwa baa ya 9, ileile G ya freti ya 8 ipandishe freti ya 9, ni G#, ya E7. Lakini usiingoje ifike. Anza kuisikia kichwani baa ya 8, pigo la tatu.