Naomba ushauri: mimi Msabato, kazi za mtaa ni Jumamosi

Ndugu zangu, niko Arua, Uganda. Mwenyekiti wetu wa LC1 (baraza la mtaa) amepanga tuzibue mitaro kila Jumamosi asubuhi, saa ambazo mimi niko kanisani. Jumapili nilishika jembe, nikazibua kipande changu peke yangu hadi kwenye kalvati, tope magotini. Bado naitwa mkwepaji. (Wakristo wenzangu ndio wakali zaidi!)

Katiba ya 1995, ibara ya 29, inanipa uhuru wa kuabudu. Lakini wanafunzi Wasabato waliishtaki Chuo Kikuu cha Makerere kwa masomo na mitihani ya Jumamosi, na Mahakama ya Juu ikawakatalia mwaka 2006.

Sasa nahitaji barua ya mwenyekiti niombe kitambulisho cha taifa. Nimwendee vipi, bila ugomvi wala kuvunja Sabato?