Naomba ushauri: wazee wanakwama wakati wa kurudi nyumbani

Habari zenu wanakikundi. Naratibu usafiri wa kuitwa kwa simu kwa wazee na watu wenye shida ya kutembea. Kuwapeleka kliniki si tatizo, kurudi ndiko kunakotushinda. Kwa mfano, mgonjwa wa figo anayesafishwa damu hukaa kwenye mashine kwa muda wa saa 4 hivi, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, na hutoka amechoka hoi. Tumejaribu kupanga saa maalumu ya kumfuata, ila kliniki ikichelewa ratiba yote inavurugika, na gari linaloingiza kiti cha magurudumu ni moja tu. Kumwacha mzee akisubiri hivyo kunaniuma sana.

Je, wenzangu mnatenga gari la kurudisha tu, au mnasubiri abiria apige simu akimaliza? Na asiye na simu, nani amwitie gari?