Nimepata 14 kati ya 40 kwenye DS na mimi nasomea kompyuta. Kozi hizi za jumla mwaka wa kwanza mlizibebaje?

Kijana wa Iramba:
Habari za jioni wakuu, na shikamooni mlionitangulia.

Niko mwaka wa kwanza kwenye chuo kimoja hapa Dodoma, nasomea kompyuta. Kidato cha tano na sita nilisoma PCM. Muhula huu kozi zote ni za lazima: hesabu, misingi ya kuandika programu, na zile za jumla mbili ambazo kila fani inasoma, Stadi za Mawasiliano na Taaluma za Maendeleo, yaani DS.

Tangu tufungue, nguvu zangu zote zimeishia kwenye programu na hesabu. DS tunasoma mamia ya watu ukumbi mmoja, ukichelewa unasimama mlangoni na spika huisikii. Nikaona bora nibaki geto Makulu nifanye maswali. Jana wamebandika alama za majaribio na kazi za nyumbani: nina 14 kati ya 40. Kwenye jaribio la kwanza niliorodhesha nadharia kwa namba, moja hadi nane, kama nilivyokariri. Nikapewa 5 kati ya 15.

Mkopo sikupata wote, kinachopungua mama anakilipa kwa kuuza alizeti. Kwa hiyo usingizi sina. Kaka mmoja wa mwaka wa tatu ananiambia, "DS wewe pita tu, haina kazi." Ni kweli? Na wiki tano zilizobaki kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula wenye alama 60, zinatosha kujiokoa?

Hesabu Kwanza:
Dogo, huyo kaka asikupoteze. GPA, yaani wastani wa alama zako zote za chuo, haijui jina la kozi, inajua krediti, yaani uzito wa kozi. A ina pointi 5, B+ 4, B 3, C 2. Unazidisha pointi kwa krediti za kozi, unajumlisha, unagawa kwa jumla ya krediti. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360. Chukua kozi tatu za jumla za krediti 10 kila moja. Ukizipata C badala ya A umeacha pointi 90. Gawa kwa 360: ni 0.25. Mwenye 3.3 ni daraja la pili la chini, ukimwongezea 0.25 anakuwa wa pili la juu, maana mpaka ni 3.5. Matangazo mangapi ya kazi umeyaona yanaanzia hapo?

Sasa hali yako. Kama kwenu kufaulu ni 40, unahitaji 26 kati ya 60 kwenye UE ili usipate sapu, mtihani wa marudio. B ikianzia 50, unahitaji 36. B+ ikianzia 60, ni 46. A iache, ikianzia 70 ingetaka 56. Pigania hiyo 46. Mipaka ya alama itazame kwenye prospektasi ya chuo chako.

Chaki na Ubao:
Nimesahihisha DS miaka kadhaa. Vijana wa sayansi wengi wanaangukia hapo ulipoangukia wewe. Swali likisema "jadili", orodha ya vipengele vinane haijajadili kitu. Msahihishaji anatafuta mambo matatu: unasema nini, kwa sababu gani, na mfano uko wapi. Chukua Rostow, yule mchumi wa Marekani, na hatua zake tano za ukuaji wa uchumi. Kuzitaja zote tano kunakupa alama kidogo. Kusema ni hatua ipi haielezi maisha ya mkulima wa zabibu wa hapa Dodoma, na kwa nini watu wa nadharia ya utegemezi, wanaosema nchi tajiri ndizo zinazozidumaza maskini, kama Walter Rodney, aliyefundisha Dar es Salaam, walimpinga, ndiko alama ziliko. Nadharia mbili zilizofafanuliwa zinashinda nane zilizotajwa.

Na ukumbini nenda, uwahi viti vya mbele. Nusu ya mitihani yangu ilitoka kwenye mifano niliyoitoa kwa mdomo, haikuwa kwenye noti.

Mrangi Halisi:
Naongezea hapo kwenye mfano. Mimi nilikuwa naichukia DS mpaka siku mwalimu alipotaja kwetu Kondoa. Mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973 kwa msaada wa Sweden, maana milima ilikuwa imeliwa na makorongo. Mwaka 1979 ikaamuliwa mifugo yote itoke kwenye eneo lililomomonyoka. Bibi yangu aliwatoa ng'ombe wake mwenyewe. Majani yakarudi, miti ikarudi, lakini muulize maziwa ya watoto yalitoka wapi miaka ile. Swali la maendeleo ni ya nani na nani anaamua lilinijia hivyo, kwa sura ya bibi. Kwenye UE niliandika kurasa tatu kuhusu hilo bila kukariri hata neno.

Fundi Saketi:
Sikubaliani na wote hapa. DS nilipata A, programu nikapata sapu, kwa sababu niligeuza nguvu zote upande mmoja kama unavyotaka kufanya sasa. Usiache kozi za fani. Na programu za UE zinaandikwa kwa kalamu kwenye karatasi, kwa hiyo anza leo kuziandika kwa mkono na kuzifuatilia mstari kwa mstari.

Babu wa Chamwino:
Wajukuu, mnaiita kozi ya kupita tu. Mwaka 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao. Baada ya hapo na Azimio la Arusha la 1967, ikaonekana msomi lazima aijue jamii inayomsomesha, awe daktari au mhandisi. DS imetoka huko.

Binti Mpwapwa:
Stadi za Mawasiliano pia usiidharau, kaka. Tumesoma msingi kwa Kiswahili, chuo ni Kiingereza kitupu. Mimi kozi ile ndiyo iliyonifundisha kuandika ripoti na kutaja vyanzo, nikaja kuvitumia kwenye mafunzo kwa vitendo na kwenye utafiti wa mwaka wa tatu.

Kijana wa Iramba:
Asanteni sana wakuu, na Babu, nimekusikia. Nimeandika 46 kwenye karatasi, nimeibandika juu ya meza. Jumanne na Alhamisi asubuhi ni ukumbini, viti vya mbele. Jioni mbili DS, zinazobaki programu kwa kalamu.

@Mrangi Halisi, kwenye semina ya mwisho tumeambiwa tuchague mradi mmoja wa maendeleo tuuchambue. Bibi yako anaweza kukubali nije kumsikiliza?

Mrangi Halisi:
Atafurahi. Anaongea Kirangi zaidi, nitakutafsiria. Njoo inboksi tupange Jumamosi, na usije mikono mitupu, mbebee sukari.