Mjadala: Je, kundi la WhatsApp la darasa latosha kuwa njia rasmi ya shule na wazazi Mombasa?

Mwalimu, Mtongwe
Salaam kwenu nyote. Hoja naiweka wazi ili tubishane vizuri: shule za msingi hapa Mombasa ziache kulifanya kundi la WhatsApp kuwa njia rasmi ya kumfikia mzazi. Kundi hutangaza tu. Humo mna karo, rambirambi, dua za Ijumaa na biashara za watu, na mzazi akishalinyamazisha, hata tarehe ya mtihani inampita. Mwenye kabambe, simu ya vitufe isiyo na WhatsApp, hamo kabisa, na mara nyingi mtoto wake ndiye wa kufuatwa zaidi. Mtaala wa Umilisi unamtaka mzazi awe mshirika. Kumwambia saa tatu usiku kwamba kesho mtoto aje na manila na gundi, maduka yameshafungwa, ni kumtwika mzigo.

Mzazi, Bamburi
Mwalimu, kundi umelionea. Anayetoka zamu ya usiku bandarini au hotelini hukuta wenziwe wameshaulizana na kujibiana. Kasoro ni usimamizi. Kundi la matangazo lifungwe, wasimamizi pekee watume. La mazungumzo liwe jengine. Matangazo yatoke siku 2 kwa wiki baada ya Isha, watoto wamesharudi kutoka madrasa. Vifaa vitajwe siku 3 kabla. Na badala ya kupiga picha barua ya Kiingereza, mwalimu atume sauti ya dakika 1 kwa Kiswahili, hata asiyesoma atasikia. Video msitume, zinamaliza bando.

Fundi wa mifumo ya shule, Mvita
Nakubaliana na Mwalimu kuhusu kabambe, kwa hiyo tuseme SMS. Lakini wengi huzituma vibaya, kisha wakasema wazazi hawajali.

Kwanza urefu. SMS moja huchukua herufi 160. Ukizidisha, hukatwa vipande vya herufi 153 na kila kipande hulipiwa. Ukitia emoji moja tu, kikomo hushuka hadi 70. Kuna mtego unaotuhusu sisi hasa: alama ya ng'. Ukinakili maandishi kutoka programu ya kuandikia barua, alama hiyo huja imepinda, na ujumbe wote huhesabiwa kwa herufi 70. Iandike upya kwa alama iliyonyooka.

Pili, ujumbe unaotoka kwa jina la shule haujibiki. Ukitaka mzazi ajibu, lazima utoke kwa namba. Mfano huu ni wa herufi 142:

"Asha wa Gredi 4 ana kazi 2 za hesabu hazijafanywa, uk. 31 na 34. Mwambie akuonyeshe daftari leo. Jibu 1 ukishaona, 2 ukitaka mwalimu akupigie."

Una jina la mtoto, kilichokosekana, la kufanya usiku huo huo, na njia ya kujibu. "Mzazi mpendwa, fuatilia masomo ya mwanao" hauna hata kimoja. Huko West Virginia, Marekani, arifa za namna hii zilijaribiwa katika shule 22: kufeli masomo kulipungua kwa asilimia 28 na mahudhurio darasani yakapanda kwa asilimia 12.

Mwalimu wa Gredi 4, Changamwe
Ndugu Fundi, arifa hizo zilitoka kwenye daftari la alama la kidijitali ambalo walimu walikuwa wakilijaza tayari. Hapa nani atajaza? Mwalimu mwenye watoto 60 husahihisha kwenye karatasi, kisha anakili kwenye kompyuta ya karani. Wiki akichelewa, arifa inamtuhumu mtoto aliyekwisha leta kazi, na mzazi akidanganywa mara mbili hasomi tena. Anzeni na vitu viwili tu: mahudhurio ya asubuhi na kazi za hesabu. Mengine yangoje.

Wakili, Mji wa Kale
Mimi nina neno moja kuhusu kundi. Orodha ya alama za darasa zima, majina ya wasiolipa karo, picha za watoto: yote hayo ni data za mtoto. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Fomu ya idhini isainiwe mtoto anapoandikishwa, na picha iwe na kisanduku chake, mbali na kile cha namba ya simu.

Mwalimu, Mtongwe
Ahsante, Wakili. Fundi, SMS peke yake nayo nina shaka nayo. Mwaka 2020 shule zilipofungwa, Botswana ilifanyika tafiti kwa familia zipatazo 4,500. Kundi moja lilipata SMS ya hesabu kila wiki, jingine SMS pamoja na simu ya kama dakika 20. Waliopigiwa simu walijifunza zaidi. SMS pekee haikuleta matokeo ya kutegemewa.

Tena simu hiyo impate mlezi halisi. Fomu nyingi huandikwa namba ya baba, naye yuko safarini, mtoto analala kwa nyanyake Likoni. Swali la fomu liwe: "Nani humwona mtoto usiku?" Chukueni namba 2, na kila muhula ukifunguliwa tumeni ujumbe wa majaribio. Laini iliyolala muda mrefu hupewa mtu mwingine, na deni la karo la mtoto linaishia kwa mgeni.

Mwalimu wa Gredi 4, Changamwe
Watoto 60 mara dakika 20 ni saa 20 kwa wiki. Haiwezekani, Mwalimu wangu. Linalowezekana ni watoto 6 waliokosa shule siku 2 au kazi 2, dakika 10 kila mmoja: saa 1. Na simu ianze kwa jambo zuri la mtoto. Mzazi aliyezoea kupigiwa kwa kosa tu huiacha iite mpaka ikatike.

Mzazi, Bamburi
Hapo mmenivuta nusu. Kundi libaki kwa matangazo, jambo la mtoto mmoja liende kwa mlezi wake. Lakini kredo ya hiyo saa 1 isitoke mfukoni mwa mwalimu. Mgao rasmi wa serikali kwa mwanafunzi wa msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka, na chaki na vitabu vinautazama huo huo. Bodi ya shule iseme fungu la simu linatoka wapi kabla muhula haujafunguliwa. Wazazi wa zamu za usiku nao waulizwe wapigiwe saa ngapi, kwani saa nne asubuhi wengi ndio kwanza wamelala.