Pawa stiringi kwenye kwodi baiki ya shamba, ni kitu cha kulipia hela au la?

mchunga_siha:
Wakuu habari za saa hizi. Nipo shamba la ng'ombe huku Kilimanjaro Magharibi, juu ya Sanya Juu, kazi yangu kuzungukia fensi na mabomba ya maji, kwa siku natembea kilomita 35 mpaka 40 na hakuna barabara ya maana, ni mawe na makorongo na vumbi, masika ikiingia ndio utelezi mtupu. Kwodi tuliyonayo, hii pikipiki ya matairi manne, ni ya zamani cc 350 haina pawa stiringi, na mimi sasa nina miaka 47, jioni viganja vinawaka moto na kidole gumba cha kulia, kile cha kukandamizia mafuta, kinakufa ganzi kabisa mpaka kushika kijiko shida. Bosi amekubali kununua nyingine ya mtumba. Tumepata mbili, za kampuni moja, zote fo wili (injini inazungusha matairi yote manne) za karibu cc 500, moja ina pawa nyingine haina, yenye pawa imezidi kwa milioni 3 na laki 2. Bosi anasema hiyo ni pikipiki sio lori, pawa ya nini. Naombeni msaada wa kweli, inasaidia au ni mbwembwe tu za kupandishia bei? Na ikifia porini nitaweza kurudi nayo?

spana_14:
Inasaidia mkuu, ila sio kwa sababu ambayo wengi wanaifikiria. Mtu akisikia pawa stiringi anawaza kukata kona kirahisi kama kwenye gari, hiyo ipo lakini kwa kazi yako kubwa ni yale mapigo. Tairi la mbele likigonga jiwe kwa ubavu, usukani unarudishwa mkononi mwako kwa nguvu, sasa hesabu kwa kilomita 40 za mawe unapigwa mara ngapi, na kila ukipigwa inabidi ukaze viganja ndio usipoteze njia, huku gumba bado limekandamiza mafuta. Ganzi yako inatoka hapo. Ile mota ya pawa inayameza mapigo mengi kabla hayajakufikia.

Na hizi hazina oili wala pampu kama za lori. Ni mota ya umeme imekaa kwenye shafti ya usukani, kuna sensa inapima wewe unasukuma kwa nguvu kiasi gani halafu kontroli boksi inaiambia mota isaidie, ukienda taratibu inasaidia sana, ukikimbia inapunguza ili usukani usiwe mwepesi ukayumba. Sio teknolojia ya jana, Yamaha waliiweka kwenye Grizzly 700 ya mwaka 2007 na wenzao wakafuata.

Ikifia porini unarudi nyumbani bila wasiwasi, shafti bado imeshikana kuanzia mikononi hadi kwenye tairodi, vile vyuma vinavyosukuma tairi za mbele zikate kona, pawa ikikata unaendesha kwa misuli yako tu, itakuwa nzito na utatoka jasho lakini inakata kona.

Adui yake ni umeme. Betri ikichoka pawa ndio ya kwanza kugoma, taa inawaka kwenye dashibodi na mtu anakimbilia kusema mota imeungua kumbe betri haifikishi volti. Nimeletewa moja hapa Arusha imevushwa mto maji yakafika kwenye soketi za waya, mwenyewe ameshaambiwa na fundi wa kwanza anunue mota nzima, mimi nimefungua soketi nikakuta kutu ya kijani, nimesafisha nikapaka grisi ya umeme ikarudi. Ndio maana nasema usikubali kubadilishiwa kifaa kizima kabla waya na betri havijapimwa, maana hicho kifaa kikiwa kipya bei yake inaumiza kweli kweli.

Halafu kabla hujampelekea bosi jibu, pima presha ya tairi za hiyo ya zamani.

KijanaWaNungwi:
Mimi nitakuwa tofauti kidogo. Tunakodisha kwodi kwa wageni huku Unguja, hazina pawa hata moja na sijawahi kuona mgeni analalamika, ni ndogo ndogo nyepesi na safari ni masaa mawili matatu kwenye vumbi na mchanga wa vijijini basi. Kitu kikiwa na waya chache kwenye chumvi ya bahari ndio kinadumu. Kwa hiyo kwangu milioni 3 bora ninunue tairi, boljointi na shokapu. Ila kilomita 40 za mawe kila siku sijawahi kufanya, hapo siwezi kubishana na fundi.

daktari_wa_ngombe:
Mimi niko Laikipia, natibu mifugo, nimeendesha isiyo na pawa miaka minne na yenye pawa sasa ni wa tatu. Tofauti yangu nimeiona zaidi kwa ule udongo mweusi. Mvua ikinyesha unashika tairi kama gundi, na mbele nimebeba kuluboksi ya chanjo na dawa, sasa uzito wote uko juu ya magurudumu yale unayotaka kuyageuza. Zamani nilikuwa nasimama nainua makalio nivute usukani kwa mwili mzima. Siku hizi nageuza nikiwa nimekaa. Kuna jambo moja hamjaligusa, mikono yangu ni kazi yangu, nikifika boma la mtu nadunga sindano na saa zingine natoa ndama amekwama tumboni, siwezi kufika pale viganja vinatetemeka. Mwambie bosi wako ahesabu pia kazi unayoifanya ukishashuka, si kukaza waya za fensi hiyo?

Lakini kaka jihadhari na wepesi wake. Mteremko wa pembeni ni ule ule na kwodi inapinduka vile vile, pawa haikushikilii. Vaa helmeti.

mswahili_muscat:
Salaam. Huku Oman kwenye michanga ya Sharqiya tunapunguza upepo wa tairi ili isizame, na upepo ukipungua usukani unakuwa mzito sana, hapo pawa ni neema. Kama kwodi yako ina difu loki ya mbele, ile inayofunga tairi mbili za mbele zizunguke pamoja, ndio kabisa, ukiifunga bila pawa ni kama unashindana mieleka nayo. Wengine wananunua isiyo na pawa wakidhani wataifungia baadae, seti za pawa zinauzwa za kufunga mwenyewe, lakini ukijumlisha na ufundi na kupitisha waya unakuta ile tofauti ya bei imeisha. Chukua iliyotoka nayo kiwandani.

mchunga_siha:
Nashukuru sana wote. @spana_14 nimepima presha, geji ya sheli haikusoma vizuri chini huko nikaazima ndogo ya mtu, imeonyesha psi 12 wakati stika inasema 5. Kumbe kijana wa stoo alikuwa anajaza kwa kubonyeza na kidole akiona ngumu ndio anaridhika. Nimepunguza, na tairodi ya kushoto nimekuta inacheza nimebadilisha. Aisee mapigo yamepungua, labda theluthi hivi, ila gumba bado.

Jana nimempa bosi aiendeshe ile ya zamani mwenyewe kutoka tenki la juu mpaka getini, kama dakika 40. Ameshuka anakunja kunja vidole, ameniambia kamuulize muuzaji kama atapunguza ile yenye pawa. Nimekwenda kuiona leo asubuhi. Swali la mwisho, nimeweka switchi on na ile taa ya pawa haikuwaka kabisa, muuzaji anasema ndio dalili nzuri kwamba haina tatizo. Ni kweli?

spana_14:
Hapana mkuu, usilipe kwanza. Ukiweka switchi on ile taa inatakiwa iwake, ukistati injini ndio izime. Isipowaka kabisa inawezekana balbu imekufa, ila inawezekana pia mtu ameikata ili usione kosa. Rudi ufanye hivi, ipaki kwenye simenti kavu, injini imezimwa geuza usukani kushoto kulia usikie uzito wake, halafu stati ugeuze tena. Pawa ikiwa hai utaisikia hapo hapo, hutahitaji kuambiwa na mtu. Ukiona uzito ni ule ule basi unauziwa isiyo na pawa kwa bei ya yenye pawa. Na nenda na mita upime betri injini ikiwa inanguruma, ikiwa chini ya volti 13 chaji yake ina walakini. Ukikwama nipigie picha ya dashibodi uiweke hapa.

mchunga_siha:
Sawa fundi, nakwenda tena Jumamosi na mita. Nitaleta majibu.