Kama ngozi inaoteshwa maabara, figo inashindikana wapi?

FundiBomba:
Wakuu habari za humu. Nina mjomba wangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, hela inaisha na mwili unaisha. Sasa kwenye grupu la familia kuna klipu inazunguka, daktari wa Marekani yuko jukwaani kashika figo mkononi eti imetoka kwenye printa, watu wanapiga makofi, na mama kanipigia anauliza hizo figo zinauzwa wapi. Najua ngozi ya walioungua siku hizi wanaiotesha maabara, sasa figo inashindikana wapi? Biolojia niliiacha form two, nielezeni taratibu.

Daktari_Mtoro:
Mkuu hiyo klipu ya zamani, ya 2011, huyo ni Anthony Atala wa chuo kikuu cha Wake Forest. Alichoshika ni umbo la figo tu, hakichuji chochote wala hakikuwekewa mtu, ila wanaosambaza klipu hawasemi hayo.

Tatizo kubwa ni mishipa ya damu. Seli ikikaa mbali na kapilari (vile vimishipa vyembamba kabisa vya damu) zaidi ya milimita 0.2 hivi inakosa oksijeni inakufa. Ngozi nyembamba, ukiibandika kwenye kidonda chenye damu inashika, na gegedu (ule mfupa laini kama wa sikio) halina mishipa kabisa kwa hiyo halisumbui sana. Figo ni pande la nyama, za pembeni zitaishi katikati panaoza. We fundi utanielewa, ghorofa hupitishi bomba baada ya wapangaji kuhamia. Na mishipa ya mgonjwa mwenyewe inaingia kwenye tishu mpya polepole mno, hata milimita moja kwa siku haifikishi, sasa seli zitasubiri nini?

Huyohuyo Atala kwenye kibofu cha mkojo aliweza, 2006 alitoa ripoti ya wagonjwa 7, na vibofu vilivyokaa vizuri zaidi ni vile vilivyozungushiwa ule utando wa mafuta unaofunika utumbo, maana una damu ya kutosha.

Kibopa77:
Si kuna protini inayootesha mishipa, VEGF? Wamwagie hiyo yaishe.

Daktari_Mtoro:
Wamejaribu sana, hadi kwa wagonjwa wa moyo, majibu yakakatisha tamaa. Ukiimwaga kwa mkupuo mishipa inaota hovyo, imejisokota na inavuja. Halafu uvimbe wa saratani unatumia protini hiyohiyo kujivutia damu, ndo maana kuna dawa za saratani ambazo kazi yake ni kuizuia. Kwa hiyo siku hizi wanaifungia ndani ya jeli itoke kidogo kidogo, au wanapanda seli za ukuta wa mshipa pamoja na seli za kuushikilia, zijipange kuwa vimirija kabla tishu haijaingia mwilini. Mtafiti Shulamit Levenberg na wenzake walifanya hivyo kwenye msuli 2005 na vimirija vikaungana na damu ya panya.

mama_bustani:
Mimi iliyonimaliza ni ya spinachi 😂😂 2017 watu wa chuo kimoja Worcester huko Marekani walichukua jani wakaliosha seli zote likabaki linaonyesha upande wa pili, wakapanda seli za moyo wa binadamu juu yake zikawa zinadunda, na kwenye vijishipa vya jani wakapitisha maji ya rangi yakapita. Kuna wengine 2012 walichapa vijiti vya sukari wakavimwagia jeli yenye seli, sukari ikayeyuka yakabaki matundu ya damu kupita.

Daktari_Mtoro:
Hiyo ya matundu ndo njia yenyewe. 2021 timu mbili za Wake Forest zilishinda shindano la NASA, shirika la anga la Marekani, kwa tishu ya ini yenye unene wa sentimita 1 iliyokaa hai siku 30. Sentimita moja tu hiyo, na ni NASA.

FundiBomba:
Kwa hiyo mjomba asubiri au?

Daktari_Mtoro:
Asisubiri kabisa. Kilichoruhusiwa Marekani Desemba 2024 ni mshipa mtupu uliooteshwa maabara, wa kuokoa mkono au mguu uliojeruhiwa, figo bado sana. Muhimbili wanapandikiza figo tangu 2017, Benjamin Mkapa Dodoma tangu 2018. Tafuteni ndugu wa kujitolea mkapime.

FundiBomba:
Ndugu yupo, mama mwenyewe alishasema atampa kaka yake, mjomba ndo anagoma eti hawezi kuruhusu dada yake akatwe kwa ajili yake. Na tangu aone hiyo klipu ndo kapata kisingizio. Jioni naenda kwake na hii thredi.