Kromosomu 46 au 92? Na mbona ncha ya kitunguu haionyeshi seli inayogawanyika?

Mizizi_8 aliuliza:

Wakuu, naomba ufafanuzi wa mambo mawili kuhusu mgawanyiko wa seli.

La kwanza ni hesabu. Notisi moja inasema seli ya binadamu ina kromosomu (nyuzi zinazobeba sifa za kurithi) 46, na kabla ya kugawanyika kila moja inajirudufu, kwa hiyo zinakuwa 92. Notisi nyingine inasema bado ni 46 hadi metafezi, hatua ambapo kromosomu zinajipanga katikati ya seli. Ipi sahihi? Na kwenye meiosisi, mgawanyiko unaotengeneza seli za uzazi, hesabu inakwendaje?

La pili ni la maabara. Ncha za mizizi ya kitunguu zimetiwa rangi ya aseto-kamini na kubonyezwa kwenye slaidi. Kwa lenzi ya 40 ya hadubini vinaonekana visanduku virefu vilivyopangana, kila kimoja na kidoa cha duara. Uzi wa kromosomu hakuna hata mmoja. Kipande kilichotumika ni cha sentimita moja hivi, na kilikaa kwenye rangi dakika tano. Pamekosewa wapi?

Sentromia alijibu:

Kwenye hesabu, notisi ya pili ndiyo sahihi. Ya kwanza imechanganya kromosomu na kromatidi, yaani kila moja ya nyuzi mbili za kromosomu iliyorudufiwa. Kanuni ni moja: hesabu sentromia, yaani pale nyuzi mbili zinaposhikana. Sentromia moja, kromosomu moja, iwe na kromatidi moja au mbili.

Kinachorudufiwa wakati wa interfezi, kipindi cha kabla ya mgawanyiko, ni DNA, kemikali ya urithi iliyomo kwenye kromosomu. Baada ya hapo kila kromosomu ina kromatidi mbili zinazofanana, lakini bado zimeshikana. Kwa hiyo seli ya binadamu ina kromosomu 46 na kromatidi 92. Profezi (hatua ya kwanza ya mgawanyiko) na metafezi hali ni hiyohiyo. Katika anafezi, hatua inayofuata, kromatidi zinaachana, na zikishaachana kila moja inaitwa kromosomu kamili. Hapo tu ndipo seli moja ina kromosomu 92, kwa muda mfupi, kabla ya kugawanyika na kila seli changa kupata 46. Aliyeandika 92 aliiwahisha hatua.

Meiosisi: DNA inarudufiwa mara moja, seli inagawanyika mara mbili. Watu wengi hukosea mgawanyiko wa kwanza. Pale kromatidi haziachani. Kinachoachana ni jozi, kromosomu iliyotoka kwa mama na mwenzake aliyetoka kwa baba. Kila seli inaondoka na kromosomu 23, na kila kromosomu bado ina kromatidi mbili, jumla 46. Mtahiniwa akiona 46 anaandika "idadi haijabadilika" na anakosa alama. Hesabu sentromia: ni 23, tayari ni haploidi, yaani ina seti moja tu. Mgawanyiko wa pili ndio unaoachanisha kromatidi, na mwisho kunakuwa na seli nne zenye 23 kila moja. Kwa mwanamke, moja kati yake ndiyo inakuwa yai. Nyingine ni vijiseli vidogo vinavyokufa.

Jozi isipoachana, gameti (seli ya uzazi) moja inabeba kromosomu ya ziada. Ikiwa ni ya namba 21, mtoto anazaliwa na 47 badala ya 46, na hiyo ndiyo hali ya Down mara nyingi.

Mfano wa karibu zaidi ni ndizi. Ndizi pori ina kromosomu 22, seti mbili za 11. Matoke na ndizi nyingi tunazokula zina 33, seti tatu. Kila kromosomu ikitafuta mwenzake, zinakutana tatu badala ya mbili, mgao unavurugika na gameti nzuri hazipatikani. Ndiyo maana ndizi haina mbegu, ila vile vidoa vyeusi katikati. Mkulima anapanda machipukizi, na machipukizi ni kazi ya mitosisi tupu, mgawanyiko wa kawaida unaotoa nakala: shamba zima ni nakala za mmea mmoja. Ugonjwa ukiuweza mmoja, umeiweza yote.

Slaidi_Safi alijibu:

Mimi nijibu la maabara. Mkuu, umeangalia sehemu isiyogawanyika. Visanduku virefu ni seli zinazorefuka, nazo zimeshamaliza kugawanyika. Seli unazozitaka zimo kwenye milimita moja au mbili za mwisho, nyuma kidogo tu ya kofia ya mzizi. Seli zake ni ndogo, karibu za mraba, na kiini (kile kidoa cha duara chenye kromosomu) kimejaa sehemu kubwa ya seli. Kwenye kipande cha sentimita moja, sehemu tisa kati ya kumi ni takataka kwa kazi hii.

Fanya hivi. Kwangua mizizi mikavu chini ya kitunguu, kikalishe juu ya glasi ya maji kwa njiti za meno ili kitako tu kiguse maji, weka gizani, badilisha maji kila siku. Siku mbili hadi nne mizizi inafika sentimita moja mpaka tatu. Usiisubiri izidi hapo. Vitunguu vingine hupewa dawa ya kuzuia kuchipua, na hivyo utavisubiri bure. Nunua vya mafungu tofauti.

Kata ncha na uzitie kwenye mchanganyiko wa ethanoli sehemu tatu kwa asidi asetiki sehemu moja, dakika kumi ukiwa na haraka, au hadi saa 24. Mchanganyiko huo unaua seli papo hapo, kila moja ikiwa kwenye hatua iliyokuwamo. Siki ya jikoni haifai: ni asilimia tano hivi, na hapa inatakiwa asidi asetiki isiyochanganywa na maji. Suuza kwa maji baridi.

Kisha asidi haidrokloriki ya 1M (moli moja kwa lita) kwenye nyuzijoto 60 za Selsiasi, dakika tano. Nadhani hatua hii ndiyo uliyoiruka. Inayeyusha gundi inayoshikanisha kuta za seli. Bila hiyo seli hazitawanyiki hata ubonyeze vipi. Zinabaki tabaka juu ya tabaka na mwanga haupiti. Ukizidisha muda sana, ncha inakuwa uji na rangi haishiki vizuri.

Suuza tena, mara mbili, maana asidi iliyobaki inaharibu rangi. Weka ncha kwenye slaidi, kata milimita mbili za mwisho kwa wembe, tupa zilizobaki. Tone la aseto-kamini, dakika kumi hadi kumi na tano, siyo tano. Chambua kipande kwa sindano ya chuma: chembe za chuma zinazoingia kwenye rangi zinaifanya ikolee, kwa hiyo sindano yenye kutu kidogo hapa ni faida. Pitisha slaidi juu ya mwali mara mbili tatu bila kuchemsha. Weka kioo kifuniko, funika kwa karatasi ya kufyonza, bonyeza kwa kidole gumba kwenda chini moja kwa moja. Kidole kikiteleza pembeni, seli zinaviringika na kromosomu zinachanika.

Anza na lenzi ya 10 utafute kundi la seli ndogo zilizokolea, ndipo uhamie 40. Usitegemee kila seli iwe na nyuzi. Nyingi sana zitakuwa kwenye interfezi hata slaidi ikiwa nzuri.

Dafu alijibu:

Naongezea upande wa istilahi, maana hapa ndipo wanafunzi wanapopotea. Mitosisi siyo mgawanyiko wa seli. Ni mgawanyiko wa kiini. Sitoplazimu, yaani majimaji ya seli yanayozunguka kiini, inagawanyika kwa tendo jingine linaloitwa sitokinesisi. Seli ya mnyama inabanwa kiunoni mpaka inakatika. Ya mmea ina ukuta mgumu usiobanika, kwa hiyo inajenga bamba katikati kwenda pembeni. Kwenye slaidi ya kitunguu utaliona kama mstari mwembamba kati ya viini viwili vipya.

Kwamba ni matendo mawili unaweza kuthibitisha kwa dafu. Ndani ya nazi changa viini vinagawanyika mara nyingi bila sitokinesisi, na maji yale ni sitoplazimu yenye viini vinavyoelea. Baadaye kuta zinaanza kujengwa kutoka pembeni, na hiyo ndiyo nyama laini inayokwanguliwa kwa kijiko. Maji hayo yana sitokinini, homoni inayochochea seli za mimea kugawanyika, ndiyo maana maabara za kuzalisha miche kwa tishu huyatumia. Majina sitokinini na sitokinesisi yanafanana kwa sababu hiyo, ila la kwanza ni kitu, la pili ni tendo.

Neno "kiini" nalo lina mtego. Kiini cha yai la kuku, ile njano, siyo kiini cha seli. Ni chakula tu. DNA imo kwenye kidoa cheupe kidogo juu yake.

"Mitosisi" ni jina alilolitoa Walther Flemming mwaka 1882, kutoka neno la Kigiriki la uzi. "Meiosisi" ni kupungua. Ukikumbuka uzi na kupungua huwezi kuyachanganya.

Kijana_PCB alijibu:

Kwa kifupi mitosisi ina hatua tano: interfezi ambapo seli inapumzika, profezi, metafezi, anafezi, telofezi.

Sentromia alijibu:

Hapana mkuu, ni nne. Interfezi ni kipindi cha kati ya mgawanyiko na mgawanyiko, na seli haipumziki: inakua, inatengeneza protini, inarudufisha DNA. "Kupumzika" lilikuwa jina la walioona kiini kimetulia kwenye hadubini.

Mizizi_8 aliandika:

Asanteni sana. Maabara haina beseni la maji moto lenye kipimajoto, na aseto-kamini inakaribia kwisha. Kuna njia? Na seli zikionekana, nizihesabuje?

Slaidi_Safi alijibu:

Nyuzi 60 zinapatikana kwa makadirio. Maji yanayochemka na maji ya nyuzi 25, kipimo sawa kwa sawa, yanatoa karibu 62, pungufu kidogo kwa sababu chombo nacho kinakunywa joto. Penye mwinuko kama Nairobi maji yanachemka chini ya nyuzi 100, ongeza ya moto kidogo. Tia kwenye kopo lililofungwa kitambaa, zamisha neli yenye asidi, isubiri ipate moto kwanza ndipo utie ncha. Kama unatengeneza 1M mwenyewe, mimina asidi kwenye maji, kamwe siyo maji kwenye asidi.

Badala ya aseto-kamini tumia bluu ya toluidini ya asilimia 0.5. Hii ni kali: dakika mbili zinatosha, kisha suuza. Ukisahau, sitoplazimu yote inakuwa bluu na kromosomu zinapotea ndani yake.

Kuhesabu: chagua maeneo matatu au manne ya slaidi, hesabu kila seli, usichague nzuri tu. Tuseme umepata seli 200, na 18 ziko kati ya profezi na telofezi. 18 gawanya kwa 200 zidisha kwa 100, asilimia 9. Kama 4 ziko kwenye metafezi, hiyo ni asilimia 2. Tukichukulia mzunguko mzima ni saa 20, metafezi inachukua dakika 24 hivi. Hesabu hii inafaa kwa sababu seli za mzizi hazigawanyiki kwa pamoja. Ukipata asilimia 0 au 1, rudi kwenye wembe: umekata mbali na ncha, au ncha yenyewe imekatikia kwenye chupa ya asidi na unaangalia kisiki.